Godoro la Mariana

Mama Mariana anawapikia wachimbaji pale Mwakitolyo, na kwa ugali wa moto na dagaa waliokolea nyanya hana mpinzani. Kwa mdomo pia hana. Humtania kila mtu, na anayenuna huongezewa.

Mwaka jana alimchukua bintiye, Mariana wa miaka saba, kutoka kwa bibi yake huko Didia. Mtoto aliyezoea kulala ubavuni mwa bibi akajikuta peke yake nyuma ya pazia, mashine za kusaga mawe zikinguruma jirani. Akaanza kukojoa kitandani.

Dawa aliyoijua mama ni ile aliyokulia: kikojozi hubeba godoro lake kichwani, watu wamwone, aone haya, aache. Basi kila lilipolowa, Mariana alilipitisha mbele ya mabenchi ya wateja wakinywa chai. Na bado alikuwa anawaamkia, maskini, shingo imemlemea.

“Marahaba,” mchimbaji mmoja, Bujiku, alimjibu siku moja. “Naona duara lako limejaa maji. Tulete pampu?”

Shimo la dhahabu wao huliita duara, na likijaa maji kazi husimama. Benchi zima lilivunjika mbavu. Mama Mariana naye alicheka hadi akaweka mwiko chini. Mimi nakaanga maandazi jirani yake, nikamwambia kwamba hapo hapana kichekesho. Akanijibu nizae wangu kwanza.

Wiki ileile Mariana alianguka mstarini shuleni. Kwenye zahanati muuguzi aliitazama midomo yake iliyokauka, akauliza, “Mama Mariana, mtoto huyu anakunywa maji kweli?”

Mama akaanza kueleza kwamba nyumbani maji hayakosekani. Mariana akamkatiza kwa sauti ndogo.

“Sinywi. Nikinywa, wataleta pampu.”

Mtoto alinyweshwa pale maji ya chumvi na sukari, kisha mama akarudi naye mgongoni, msichana mkubwa vile, akilia njia nzima bila kujificha.

“Nisamehe, mwanangu. Nimekukosea sana.”

Walipofika Mariana alipewa maji, akageuza uso.

Asubuhi godoro lilikuwa limelowa tena. Mariana akainama kulibeba kama alivyofundishwa. Mama akamuwahi, akajitwika yeye, akatoka nalo hadi mbele ya mabenchi.

“Leo duara la nani hilo?” akauliza Bujiku.

“La kwangu,” akasema Mama Mariana, wala hakuwa anacheka. “Nimekojoa mimi. Mwenye pampu alete.”

Hakuna aliyecheka. Bujiku alitazama kikombe chake.

“Tusamehe, mayu,” akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Mama akalianika godoro, akarudi jikoni kwake. Pazia likasogea. Mariana akatoka, akawaamkia wote, akajibana kwenye benchi katikati yao.

“Mama,” akasema, “nami nataka chai. Kikombe kikubwa.”