Shubiri katika Kikombe cha Rubani

Nakiri mapema ili nisisumbuliwe: shubiri nilitia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, akili zangu timamu, na sikutumwa na mtu.

Ulikuwa mwaka wetu wa pili Maskati. Tulikuja kutoka Unguja watu wanne: baba, bibi yangu mzaa baba, shangazi na mimi. Mama alikufa nikiwa mchanga, kwa hivyo shangazi ndiye aliyenilea na kunisuka, na kitanda tulilala kimoja. Mumewe alitoka nyumbani asubuhi moja, mwaka ule wa mavurugu, asirudi, wala maiti yake hatukuiona. Mwaka mzima shangazi akimwekea sahani ya chakula. Baba akimgombeza, yeye akiiweka vilevile.

Basi hebu fikiria hali yangu niliposikia anaposwa. Nilinuna siku tatu.

Mposaji alikuwa mtu wa Qantab, kijiji cha pwani, ana kiduka cha taa na tambi zake sokoni Matrah. Ujanani alikimbilia Mombasa, akaingia jeshini wakati wa vita vya pili vya Mjerumani, akapelekwa jangwani huko kaskazini kwenye kiwanja cha ndege kubwa za mabomu. Soko zima lilimwita Rubani, kwa sababu hakuwa na hadithi nyingine ila jinsi alivyoruka na ndege hizo kwenda kuvunja viwanda vya adui. Na alikuwa na kituko chake. Kindege kikipaa kutoka kiwanja cha Ruwi, huacha mteja na utambi mkononi, akatoka akasimama juani mpaka kirudi. Nyumbani nilikuwa nikimwigiza, kiganja usoni, shingo imekakamaa, bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Shangazi hakucheka hata siku moja. Ningekuwa mwerevu ningeshtuka hapo.

Baba alishasema wazi. "Dada yangu simpi muongo. Aje, nimsikilize. Nikimnasa kwa uongo mmoja tu, arudi zake Qantab."

Mimi sikutaka kumwachia baba kazi hiyo peke yake. Bibi alikuwa na shubiri kwenye kikopo, ile wanawake wanayojipaka kifuani kumwachisha mtoto ziwa. Mgeni alipofika baada ya alasiri, akaketi barazani na baba, nikamimina kahawa vikombe viwili nyuma ya pazia. Chenye ukingo wa dhahabu ndicho cha mgeni. Nikatia shubiri, nikakoroga kwa kidole, nikapitisha sinia. Hesabu yangu ilikuwa fupi: atakunywa, atatema, na mtu anayetema kahawa ya watu hapewi mke.

Mgeni akakipokea kwa mkono wa kulia, akashukuru, akakiweka mkekani mbele yake. Hakukigusa tena.

Loh! Nyuma ya pazia tukatazamana, mimi, bibi na shangazi. Kwetu Unguja ukiiacha kahawa ya mtu imejaa, umemwambia mwenyeji kwamba unamshuku.

"Anaogopa limbwata huyo," bibi akanong'ona. "Nani amtilie limbwata, na masikio yale makubwa?"

Baba uso ukamvimba, lakini akajizuia. Akaanza kuuliza. "Hizo ndege zenu kubwa kiasi gani?"

"Injini nne kila moja. Zikinguruma, meza inatetemeka."

"Na mlikuwa mkipiga nini?"

Hapo mtu akapata moto. "Viwanda! Vya kusafishia mafuta, vya vyuma, vya kuundia ndege. Na viwanja vyao pia, tunazikuta ndege zao zingali chini. Tunatoka alfajiri, tunavuka bahari. Baridi ya huko juu inagandisha ndevu. Mizinga inatupiga kutoka chini, moshi mweusi kila upande. Nachungulia, naona mabomba ya kiwanda, navuta chuma, mabomu yanashuka moja baada ya moja."

"Muulizeni haja ndogo wakienda wapi!" bibi akanong'ona, kwa sauti ya muuza samaki.

Mgeni akasikia. "Kwenye mkebe, mama," akajibu kwa adabu.

"Na baridi hiyo?"

"Unaganda, mama."

Bibi akajitia kanga mdomoni. Hata mimi nilicheka, na nilikuwa nimeapa nisicheke.

"Siku nzito," mgeni akaendelea, na sauti ikamshuka, "ilikuwa ya kupiga kiwanja kimoja cha adui. Zilipaa kumi na mbili. Baada ya adhuhuri zikarudi tano. Alasiri mbili, moja inatoa moshi. Saba. Nikangoja. Kila ndege ilikuwa na meza yake, watu kumi, vikombe kumi vya bati. Magharibi ikaingia, meza tano hazina mtu, chai imefanya utando."

Baba akamdaka. "Hebu ngoja. Wewe ulikuwa ndegeni au mezani?"

Mgeni akakitazama kile kikombe chake. Mimi nilijifinya paja kwa furaha.

"Mezani," akasema. "Nilikuwa mpishi. Ndege zile sikupanda hata moja, wallahi. Wao wakirudi wakinihadithia, wakicheka, wananionyesha kwa mikono. Kisha wengi wao hawakurudi. Nikaanza kuzihadithia mimi. Nikisema mimi ni mpishi, sokoni hapana anayesikiliza."

"Basi umejihukumu mwenyewe," baba akasema. "Na kahawa yangu hujaionja. Unatuogopa au unatudharau?" Akaanza kuinuka.

Hapo shangazi, mwanamke anayeposwa, ambaye kwa desturi hata kukohoa hatakiwi, akasema pale pale nyuma ya pazia:

"Kaka, kaa kitako. Huku mtu mwenye haja haigusi kahawa mpaka ajibiwe haja yake. Majirani wameniambia. Wewe ndiye unayemkalisha na kiu."

Baba akabaki kainama nusu. Bibi akasema "Ya Allah" taratibu.

"Na mimi nna swali," shangazi akasema. "Ile chai ya wasiorudi, nani akiimwaga?"

"Mimi," mgeni akajibu.

"Lini?"

"Asubuhi yake. Siku ile ile sikuweza."

Mkono wa shangazi ukautafuta wangu, nami nikampa, na ulikuwa baridi. Niliikumbuka ile sahani. Roho iliniuma, nasema kweli, na bado sikutaka aende. Yote mawili kwa pamoja.

Nadhani baba naye aliikumbuka. Aliketi, akaifuta miwani yake, akaivaa, akaivua tena.

"Kunywa kahawa yako," akasema.

Mungu wangu, shubiri! Nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilifungua mdomo nipige kelele, nikachelewa. Mgeni akakiinua kikombe, akasema Bismillahi, akanywa chote kwa mkupuo. Kwenye upenyo wa pazia nilimwona macho yakimjaa machozi na yale masikio yakicheza. Akameza. Kisha akakitikisa kikombe huku na huku, ndivyo wanavyosema huku kwamba imetosha, na mimi sijapata kuona kikombe kikitikiswa kwa bidii vile.

"Kahawa nzuri," akasema, sauti imemkauka.

Baba alidhani mtu analia kwa furaha. Mpaka anaingia kaburini alikuwa akiisimulia hivyo, nami sikumsahihisha.

Wakaoana. Akamchukua shangazi akakae Matrah, nyuma ya duka. Ni kilima kimoja tu kutoka kwetu, lakini mimi niliona kapelekwa mwisho wa dunia. Nilisusa kwenda kumtazama. Siku kumi kitanda chote changu, na usingizi sikuupata. Ya kumi na moja baba akanichukua kwa nguvu, akaniacha mlangoni, akaenda zake sokoni.

Shangazi alinikumbatia, akaniketisha mkekani. Palikuwa na vikombe vitatu. Viwili vimeshanyweka. Cha tatu kimejaa chai ya maziwa, imepoa, ina utando.

"Hiki cha nani?" nikauliza.

"Chako. Mume wangu anakimimina kila alasiri tangu harusi. Mimi namwambia, huyo kanuna, haji. Yeye ananambia, ngoja."

Nikashindwa kujizuia, nikalia kama mtoto mdogo. Mumewe akaingia kutoka dukani, mikono inanuka mafuta ya taa. Akaimwaga ile chai, akaenda jikoni kukiosha kikombe, akarudi nacho kimejaa chai ya moto, akanipa.

Nikapiga funda. Shubiri tupu! Nikamtazama. Uso mkavu, kama mtu anayepima tambi.

"Nzuri, mwanangu?"

Nikaimeza yote. "Nzuri," nikasema, nikakitikisa kikombe kwa nguvu zangu zote.

Akakichukua, akakijaza tena.