Kisanduku cha Masikio ya Mke Wangu

Asifiwe Mungu aliyetupa sikio kabla hatujajua kusema, anayesikia hata pale sisi kwa sisi tunaposhindwa kusikizana. Nilichoweza ni kwa rehema yake, na nilichoshindwa hakikumshinda yeye. Baada ya kumshukuru, nieleze jambo lililotupata nyumbani kwetu Nengo, mtaa wa Gisenyi ulio kando ya ziwa na mpaka wa Goma, mimi na mke wangu, katika msimu wa mvua uliopita.

Mke wangu ana shida ya kusikia tangu miaka mingi. Yeye alizaliwa upande wa Goma, mimi nilikulia Tanzania wazazi wangu wakiwa ukimbizini, tukakutana hapa Gisenyi baada ya kurudi. Kiswahili chetu hakijawahi kufanana, na kwa muda mrefu nilidhani anaponiuliza neno mara mbili ni kwa sababu ya lafudhi yangu. Haikuwa lafudhi. Watoto wetu walio ng'ambo walimnunulia vifaa viwili vya kusikilizia, vile vinavyokaa nyuma ya sikio, na binti mmoja mtaalamu wa masikio, aliyekuwa akifanya kazi Goma, akavirekebisha kwa kadiri ya masikio yake. Siku ile aliporudi nyumbani alisimama jikoni muda mrefu akisikiliza maharage yakichemka.

Kisha vifaa viliharibika kwa unyevu, tukavituma kutengenezwa. Vilirudi safi, vinang'aa, na vimefutwa marekebisho yote. Alipovivaa vilipiga mluzi. Mlio wa kijiko kwenye sahani ulimwingia kama msumari, na sauti ya mtu haikuingia kabisa. Alivitia kwenye kikombe juu ya kabati na kukifunika.

Yule binti alikuwa amehamia mbali na mume wake, na kompyuta yake ya kazi ilikuwa imekufa. Lakini kabla ya kuondoka aliniachia kisanduku kidogo chenye nyaya mbili nyembamba, ambacho ndicho kinachozungumza na vifaa vile, pamoja na programu yake. Vipimo vya masikio ya mke wangu alikuwa bado navyo. "Papa," aliniambia kwa simu, maana kwao ndivyo wanavyomwita mzee yeyote, "ukifaulu kufanya kisanduku kiseme, mimi nitakuelekeza kingine chote."

Huenda tungengojea. Tumezoea kungojea. Lakini mambo mawili yalitokea. La kwanza ni kwamba mke wangu alikwenda soko la Mahoko kununua vitunguu, na pikipiki ikampigia honi kutoka nyuma, naye hakugeuka. Dereva alikwepa akaangukia kwenye magunia ya viazi. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe, lakini tangu siku ile hakutaka kutoka peke yake.

La pili ni dada yake. Wamebaki wawili tu katika tumbo la mama yao. Dada yuko Bukavu, na wakati ule alikuwa mgonjwa wa kitandani, ugonjwa ambao madaktari walikuwa wameacha kuutaja kwa jina. Kumfikia hakukuwezekana, kwa miguu ya mke wangu wala kwa hali ya njia. Ilibaki simu. Dada alikuwa akipiga alasiri, mimi napokea, kisha nainama kwenye sikio la kulia la mke wangu na kurudia kila neno kwa sauti kubwa, mpaka jirani yetu akaanza kuniuliza hali ya mgonjwa kabla sijamwambia chochote.

Alasiri moja dada alininyamazisha. "Shemeki," aliniita, ndivyo wanavyomwita shemeji upande wao, "leo usirudilie. Kuna neno moja nataka kuambia dada yangu. Hii neno haipite kwa mwanaume, hata kama we ni shemeki muzuri."

Nikamwambia amweleze mkwe wake anayemuuguza, aandike ujumbe. Dada mwenyewe hakusoma, hajui kuandika.

"Hata kwake haipite. Nipe dada yangu."

Nikamwambia asubiri kidogo. Akacheka, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. "Mi ndiye nitasubiri? Ambia ule mwenye kuniita."

Sikumrudilia mke wangu maneno hayo ya mwisho. Nilimwambia tu kwamba dada ana neno lake, na kwamba nitajitahidi.

Mimi ni mwalimu wa dini. Nilipozeeka, shule ya kanisa ilinipa chumba chake cha kompyuta nikitunze, nikajifunza kazi hiyo taratibu kama nilivyojifunza Maandiko, kwa kurudia. Kwa hiyo nilijua tatizo liko wapi. Programu ya kisanduku ni ya zamani, inakubali mfumo endeshi wa zamani tu, na kompyuta yangu haiuwezi tena mfumo huo. Njia iliyobaki ni kujenga kompyuta nyingine ndani ya hii, isiyo na mwili, na kuuweka mfumo wa zamani humo. Wenye kazi hiyo huiita mashine pepe. Kompyuta yenye mwili ni mwenyeji, na ile ya ndani ni mgeni. Mgeni haoni kitu chochote cha duniani isipokuwa kile ambacho mwenyeji amemruhusu akione. Ukichomeka kisanduku, kinaangukia kwanza mikononi mwa mwenyeji. Kazi yangu ilikuwa kumwagiza mwenyeji akiachilie, kipite moja kwa moja kwa mgeni.

Kila kifaa cha namna hiyo kina namba ya utambulisho. Nilisoma ya kisanduku, nikaandika agizo: kitakachoingia na namba hii ni cha mgeni. Kisha nikafanya kama nifanyavyo siku zote tangu chumba cha shule. Nilichomeka kisanduku, nikaweka mkono juu yake, nikafumba macho na kuomba sala fupi. Niliposema amina nikafumbua. Taa ya kisanduku ilikuwa inawaka. Nikafungua programu ndani ya mgeni, ikaniandikia kwamba hakuna kifaa.

Nilibadilisha waya wa kukiunganisha na kompyuta. Nilibadilisha tundu. Niliiondoa programu na kuiweka upya. Kila mara nilichomeka, nikaomba, nikafumbua macho, taa inawaka, na mgeni anasema hakuna kifaa. Nikampigia yule binti.

"Papa, taa inawaka?"

"Inawaka vizuri."

"Bon, sawa. Basi kisanduku iko muzima. Shida iko kwa mashine yako."

Niliamini hivyo na nikafanya lililo baya zaidi. Nilifikiri kwamba mwenyeji ni mkaidi, hakubali kuachilia kitu kimoja, basi nimnyang'anye mlango wote. Nikaagiza kidhibiti kizima cha matundu ya USB kiende kwa mgeni. Sikukumbuka kwamba kibodi na kipanya changu vinaingilia mlango huo huo. Nilipobonyeza kukubali, mshale ukaganda kwenye kioo. Nikabonyeza hiki na kile, kimya. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imekwenda kwa mgeni, na mgeni mwenyewe alikuwa amekwama akiwa hajamaliza kuamka.

Mke wangu alikuja na chai, akanitazama nikibonyeza kibodi iliyokufa. "Umejifungia inje ya nyumba yako," alisema.

Nilichomoa umeme ukutani. Kompyuta ilipowaka tena mwenyeji alikuwa salama, lakini mgeni aliharibika, hakuamka tena. Ilinibidi kumjenga upya tangu msingi. Na katika siku hizo za kujenga, sauti ya dada ilipungua. Alikuwa sasa anasema maneno machache na kupumzika katikati. Hakuuliza tena juu ya neno lake. Aliuliza tu, "Bado?" Nami nikajibu, "Bado." Mke wangu aliusoma mdomo wangu, akageuza uso kuelekea dirishani.

Nakiri kwamba sala zangu zilikuwa nzito siku zile. Sikumlaumu Mungu. Nilimwuliza tu, kama mtoto anavyomwuliza mzazi aliye na ufunguo mfukoni, kwa nini mlango haufunguki.

Mgeni alipokuwa tayari tena, nilirudi kwenye agizo langu la kwanza, la kisanduku peke yake. Mke wangu alivuta kiti akaketi karibu. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda, na mvua ilikuwa imefunga ziwa lote. Nilichomeka, nikafumba macho, nikaomba, nikasema amina.

"Mzee," akasema, "kwa nini inazimaka?"

Nilisogea kwenye sikio lake. "Nini kinazima?"

"Taa ya kisanduku. Ukifunga macho, inazima. Ukisema amina, inakuwa imeisha kuwaka tena."

"Haiwezekani. Nimeitazama siku zote. Inawaka."

"Umeitazama wapi na macho ya kufunga? Mi niko kiziwi, siko kipofu."

Nilikichomoa. Alinishika kifundo cha mkono kabla sijakichomeka tena. "Sasa uombe macho wazi."

Ndivyo nilivyofanya. Niliomba nikikitazama kisanduku. Taa iliwaka, ikatulia kidogo, ikazima kabisa, kisha ikawaka tena, ya pili ikiwa na nguvu kuliko ya kwanza. Kilizima na kuwaka ndani ya sala yangu fupi. Mara zote nilizokichomeka kilikuwa kimefanya hivyo, nami sikuwapo. Nimewafundisha watu wengi kwamba kukesha na kuomba ni ndugu wawili wasioachana.

Nilifungua kumbukumbu za mwenyeji, mahali anapoandika kila kinachoingia na kutoka. Hapo nilikuwa sijatazama. Nilikuwa nikimhoji mgeni peke yake. Ilikuwa imeandikwa wazi. Kisanduku kilikuwa kinaingia kwa namba ile niliyoijua, kinapita kwa mgeni kama nilivyoagiza. Kumbe kinafika kikiwa kitupu, hakijui kazi yake, na mgeni ndiye anayekimiminia maarifa. Kikishapokea, kinajitoa na kuingia upya, na safari hii kinajitambulisha kwa namba nyingine. Mwenyeji aliyesimama mlangoni alikuwa na agizo la namba ya kwanza tu. Ya pili hakuijua, basi akaizuia kwake.

Sisi tunaoishi mpakani hatuna haki ya kumcheka mlinzi kama huyo. Mtu aliyetoka asubuhi na karatasi moja akarudi jioni na nyingine, nani atamfungulia?

Niliongeza mstari mmoja, namba ya pili. Nilichomeka. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka. Ndani ya mgeni programu ikaonyesha picha ndogo ya kisanduku, na chini yake nafasi mbili, sikio la kulia na sikio la kushoto.

Yule binti alinielekeza kwa simu, akinisomea vipimo polepole, mimi nikiviingiza na kumrudilia. Sikio la kulia lilikubali. La kushoto halikuonekana. Tulijaribu sana. Mwishowe aliniambia nipinde ule waya wa kushoto karibu na shina lake, nikausikia ukilegea ndani ya ganda. Ulikuwa umekatika. "Pole, papa," alisema. "Waya hii haipatikane huko. Tumia moja kwanza."

Mke wangu alivaa cha kulia. Hakikupiga mluzi. Nilimwuliza, bila kuinua sauti, kama ananisikia.

Alinitazama. "We mzee," alisema, "sauti yako imezeeka."

Tulimpigia dada mara hiyo hiyo. Mkwe wake alipokea, akamwekea simu sikioni na kutoka. Mimi, kwa mazoea, nilikuwa nimeshika simu yetu katikati yetu, sauti imefunguliwa kwa wote, na nilikuwa nimeshaanza kuinama kuelekea sikio la mke wangu. Akanitoa simu mkononi. Akafunga ile sauti ya wazi, akaibandika simu kwenye sikio lake la kulia, akahangaika kidogo kupata mahali panaposikika. Kisha akatazama mlango, akanitazama mimi.

Nikatoka.

Nilikaa kibarazani. Mvua ilikuwa imepungua, na madereva wa pikipiki walikuwa wakitoka kwenye mabaraza walikojibanza. Kupitia ukuta nilisikia mke wangu akisema "ndiyo" mara nyingi. Mara moja alicheka. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu sana hata nikafikiri simu imekatika, lakini haikuwa imekatika. Nilikuwa nimesimama kati ya wale ndugu wawili kwa siku nyingi, na nilikuwa nimeiita kazi ile upendo, nayo ilikuwa upendo. Lakini kuna neno linalohitaji usiwepo.

Alipotoka alikuwa amenawa uso. Alichukua beseni la viazi, akaketi kando yangu, akaanza kumenya.

"Wakati wote ule," alisema baadaye, "ulikuwa unanipa muchuzi, nyama unabakisha kwa chungu."

"Nilikupa kila kitu alichosema."

"Ulinipa maneno. Hukunipa sauti. Hukuniambia anaongea kama mama yetu."

Nikachukua kiazi, nikamenya naye.

Mungu alimwita dada yake kabla mvua hazijaisha. Waliongea tena mara kadhaa kabla ya hapo, maneno mafupi, lakini lile neno lilikuwa limeshafika. Mke wangu bado anasikia upande mmoja tu. Barabarani namshika mkono wa kushoto. Kisanduku kiko kabatini, kwenye kitambaa, kinangojea waya. Usiku mwingine namwona amelala ubavu wa kulia, ameliegemea lile sikio linalosikia, na najua yuko na lile neno ambalo halikupita kwangu, na moyo wangu unasumbuka kidogo, kisha unatulia.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akufunulie macho wakati wa kuomba kwako. Akupe mtu wa kukuonyesha taa inayozima wakati hutazami, akupe na ustahimilivu wa kutoka nje mtu anapoutazama mlango. Na yeyote unayemngojea, sauti yake ikufikie ungali na sikio la kuipokea. Amina.