Mtoto Huonjeshwa Kwanza

Mama mkwe wangu alikuja Kahama kwa ajili ya macho. Kijijini kwao, upande wa Ushirombo, alikuwa ameanza kumimina chai nje ya kikombe na kumwita jirani kwa jina la jirani mwingine, na mume wangu, ambaye kazi yake ya mgodini Geita haimpi ruhusa ovyo ovyo, akanipigia simu: tafadhali, mpeleke mama hospitali. Nikamwandalia chumba hapa Nyahanga. Akaja na kuku aliyefungwa miguu, na mfuko wa matobolwa, yale mapande ya viazi vitamu yaliyochemshwa na kuanikwa juani, na hamu ya kumwona mjukuu wake, binti yangu, ambaye alikuwa hajafikisha hata miaka mitatu.

Naomba nimweleze mama huyu kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa yaliyotukuta dukani. Kwao ana sehemu yake mnadani, kwenye soko la wazi, na beseni la karanga na matobolwa. Nilipoolewa alinichukua nikakae naye huko siku ya mnada, na nilichokiona kilinishangaza. Mteja akija na mtoto mgongoni, mama hagusi kipimo. Anamenya karanga kwanza, anamwekea mtoto kiganjani, anasubiri atafune. Ndipo anamgeukia mzazi na kumuuliza apimiwe nini. Mzazi asiponunua, basi, anaondoka na mtoto wake anayetafuna na hakuna neno. Wauzaji wenzake nao ni hivyo hivyo. Mtoto anapitishwa beseni hadi beseni, anarudi nyumbani ameshiba, na mama yake hajalipia kitu. Nikamuuliza siku ile kama haoni hasara.

"Mtoto alie mbele ya beseni langu?" akasema, akinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nitauza nini tena siku hiyo?"

Mimi nimekulia Kambarage, Shinyanga mjini, kwa mama aliyekuwa ananifinya nikinyoosha tu kidole kwenye kitu cha dukani. Kwangu, mtoto anayekula kitu kabla hakijalipiwa ni aibu ya mzazi. Nikiona mwanamke supamaketi anasukuma toroli huku mtoto wake anatafuna biskuti, natamani kumwambia kitu, na siku nyingine namwambia. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hauna breki.

Siku ya kliniki tulitoka hospitali jua limeshakuwa kali. Mama alikuwa amewekewa dawa ya macho, anaona ukungu tu, lakini ana furaha, maana daktari alimwambia mtoto wa jicho anaondolewa na ataona tena. Alikuwa amevaa vizuri siku ile: kitenge chake cha kanisani, kile cha akina mama wa jumuiya, na kilemba cha rangi hiyo hiyo. Yeye ndiye mwenyekiti wao. Akina mama wa parokia nzima wakigombana, wanapelekwa kwake. Nikasema tupite lile duka kubwa lenye milango ya kioo, ninunue nyama na unga wa lishe, halafu tupande bajaji.

Mle ndani kulikuwa na baridi ya mashine, akafurahi. Kwenye nyama kulikuwa na foleni. Nikamwacha mama na mtoto na toroli upande wa maziwa, nikamwambia, "Mama, nisubirini hapa hapa, msiende mbali." Akasema sawa. Sikumwambia neno lingine lolote. Ningemwambia nini? Mtu mzima yule, amelea watoto na wajukuu, ningemfundisha jinsi ya kusimama dukani?

Nilipotoka kwenye nyama nikakuta toroli peke yake. Ndani yake mkate umefunguliwa, umemegwa pembeni kidogo, na mfuniko wa mtindi umelala juu ya unga. Kwanza niliwaza mtoto amepotea. Nikaita. Msichana mmoja wa kaunta akanionyesha kwa kidevu mlango mdogo nyuma ya mashelfu ya soda, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi yako wamempeleka ofisini, dada. Mtoto amefunguliwa vitu." Hakuniangalia usoni.

Nikaelewa papo hapo. Nikaona kichwani mama anavyomega mkate, anampa mjukuu aonje kama ataupenda, anatafuta kwa macho yake ya ukungu mwenye kuuza ili amsalimie, na hamwoni, maana mle ndani hakuna anayeuza, kuna mashelfu tu. Nilijua angefanya hivyo. Mtu yeyote wa mnada ule angefanya hivyo. Nikasema moyoni, sawa, nitalipa, nitaomba radhi, nitafinywa na aibu yangu, yataisha. Nikasukuma mlango.

Mama alikuwa amesimama ameegemea ukuta. Mtoto yuko kiunoni mwake, mdomo mweupe wa mtindi. Mlinzi yuko mlangoni, na meneja, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, amesimama mbele yao amenyanyua simu. Na mama alikuwa anatabasamu. Alikuwa amekiweka sawa kilemba chake, amemvuta mtoto akae wima, na kikombe cha mtindi amekishika juu, usawa wa kifua, kama walivyomwelekeza. Akatambua hatua zangu.

"Mayu, umefika!" akasema, akiniita mama kwa Kisukuma chake. "Njoo na wewe tupigwe. Wanatupiga picha."

Kisha nikaona ukuta. Kulia na kushoto kwa kilemba chake kulikuwa na karatasi zimebandikwa, na kwenye kila karatasi sura ya mtu. Mwanamke ameshika chupa ya mafuta ya kula. Mzee ameshika sabuni. Mwanafunzi na sare yake ameshika biskuti, macho chini. Mwanamke mwingine ana mtoto mchanga kifuani na mkononi ana pakiti ya maziwa. Juu yao wote kwa herufi nyekundu pameandikwa WEZI WETU. Pembeni kulikuwa na nafasi wazi yenye gundi tayari.

Mama hajui kusoma. Hata angejua, siku ile macho yake yasingefika kwenye maandishi. Yeye alijua kitu kimoja, kwamba mtu akikupiga picha amekuheshimu. Kwao picha inapigwa kwenye harusi, kwenye kipaimara, na askofu akija.

Damu ilinichemka hadi masikioni. Mimi ni mtu wa kupayuka, ningeweza kuangusha lile duka kwa mdomo tu. Lakini nikipayuka mama ataelewa. Nikitaja tu neno wizi, yule mwanamke aliyesimama pale na kilemba chake atajua amesimama kama nini. Ikabidi nicheke. Naapa, nilicheka, nikamsogelea meneja nikiwa nimekenua meno, na kumwambia chini chini, "Nitalipa. Nitalipa sasa hivi, mkate na mtindi, na chochote unachotaka. Weka hiyo simu."

"Kulipa utalipa, dada," akasema, naye hakuinua sauti. "Lakini picha ni utaratibu. Kitu kikifunguliwa hakijalipiwa, ni kimeibiwa. Tukimsamehe mmoja, kesho watakuja wote na watoto."

"Ameficha? Ameweka kwenye mkoba?"

Akamtazama mlinzi. Mlinzi akajikuna shingo. "Hapana," akasema. "Alikuwa anamlisha tu. Mimi nilipofika akanisalimia Kisukuma, akaniuliza kama mimi ndiye mwenye duka, akasema mtoto anaonja."

"Umemsikia?" nikamnong'oneza meneja, meno bado nje. "Mwizi gani anamuulizia mwenye duka?"

"Sheria sikuiweka mimi."

"Mnasemaje huko?" mama akauliza kutoka ukutani. "Kama sijakaa vizuri mniambie."

Yule meneja simu hakuishusha. Nikamwambia, kwa haraka, maneno yakigongana, kwamba watu wa kijijini kwake wote wananunua vitu Kahama, kwamba wenzake wa jumuiya watapita hapa kununua mishumaa na sukari na watamkuta ukutani, kwamba mwanawe, mume wangu, akitoka mgodini ataingia duka hili kumnunulia mtoto wake juisi. Huyu mama ana jina tu, nikamwambia. Hana shamba kubwa, hana ng'ombe wa kuhesabu, ana jina, na wewe unataka kulibandika hapo kwa gundi. Sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda, nikaivuta chini tena.

Mama, kwa upande wake, aliona mazungumzo yanachelewa. Kwa mtu wa mnadani, watu wakisimama muda mrefu bila kula kitu mbele yako, wewe ndiye mwenye aibu. Akapapasa kwenye mkoba wake, akatoa matobolwa kiganja kizima, akanyoosha mkono kuelekea ilikotoka sauti ya yule kijana.

"Wabeja, asante, mwanangu," akasema. "Mtoto wangu amekula vizuri kwako. Duka lako Mungu alibariki. Pokea, uonje na wewe, ni ya kwangu mwenyewe."

Mkono wa mama ulikuwa hewani, na hauwezi kumwona unayemwendea. Yule kijana angeukataa vipi? Alilelewa, hata kama siku ile alikuwa amesahau. Akapiga goti kidogo, akapokea kwa mikono miwili, simu ameibana kwapani. "Shikamoo, bibi," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake ya kwanza kwake tangu amsimamishe ukutani.

"Marahaba. Kula basi."

Akala. Alisimama pale chini ya maandishi yake mekundu akitafuna, na mimi na hasira zangu nikatamani kumuuliza kama amelipia. Sikuuliza. Nilimwona macho yamemwiva. Mlinzi naye akapewa, naye akala, ameangalia mlango.

"Ifute," nikasema. "Ifute nione."

Nilisahau kunong'ona. Meneja akatoa simu kwapani, akaniwekea mbele ya macho. Mama alikuwa ametoka vizuri kwenye ile picha, Mungu anisamehe, alikuwa ametoka vizuri kuliko kwenye picha yake yoyote niliyo nayo nyumbani. Kidole cha kijana kikagusa, sura ikapotea.

"Kufuta?" mama akauliza. Tabasamu lilikuwa bado lipo, ila limelegea upande mmoja. "Mbona mnaifuta? Nimetoka vibaya?"

"Mwanga, mama," nikasema. "Mwanga wa humu ni mbaya."

"Basi nipigeni tena. Nisogee wapi?" Akapapasa ukuta kwa kiganja, akitafuta pa kusimama, na vidole vyake vikapita juu ya karatasi, moja, kisha ya pembeni yake. Zililia chini ya mkono wake. Akasimamisha mkono hapo kidogo, akasogeza uso karibu kabisa na zile sura. Nikamshika kiwiko, nikasema twende, mama, mtoto amechoka, na nikamtoa.

Nililipa. Msichana wa kaunta alipitisha ule mkate uliomegwa na kikombe kitupu bila kuniangalia, na mimi sikumwangalia. Tukatoka kwenye jua. Mama alikuwa amembeba mjukuu wake mwenyewe, alikataa nimpokee, na hakusema kitu. Nikajiambia amechoka na dawa ya macho. Nikaanza kupiga soga za ovyo, kuhusu kuku, kuhusu mchuzi nitakaompikia, kuhusu siku ya kurudi hospitali. Mdomo wangu ukawa unakimbia peke yake. Nilidhani nimemwokoa. Nilikuwa nimeanza hata kujisifu kimoyomoyo, kwamba mimi mwenye mdomo mbaya nimepigana vita nzima kwa kunong'ona na mama wa watu hajajua.

Tulikuwa tunangoja bajaji ukingoni mwa barabara. Mtoto alikuwa amesinzia. Mama akamweka vizuri begani, akageuza uso upande wa lile duka, ingawa najua hakuliona.

"Mwanangu," akasema taratibu. "Wale wenzangu wa pale ukutani. Wao walikula nini?"

Nikaangua kilio pale pale, mchana kweupe, na mwenye bajaji aliyekuwa amesimama mbele yetu akapiga honi kutuuliza tunaenda wapi.