Sifa Nilizozikuta Biryogo

Mwezi wa Juni mwaka 1992, shule ninayofundisha ilipofungwa, mama yangu aliniita kwake Konde, hapa Pemba, akaniambia niende Kigali. Dada yake, mama mkubwa Mwajuma, aliyeolewa huko tangu mimi sijazaliwa, alikuwa mgonjwa, na alikuwa amemtuma mfanyabiashara mmoja alete salamu kwamba anataka kumwona japo mtoto mmoja wa mdogo wake kabla hajaondoka duniani. Miguu ya mama haikuwa tena ya safari.

"Wewe ndiye wa kwenda," mama alisema. "Kwanza huendi ugenini. Hadija alikaa kwako, mlimpokea, naye atakupokea."

Nikaitikia. Sikuweza kumtazama usoni.

Hadija ni binti wa mama mkubwa, kwa hiyo ni dada yangu. Alikuja kwetu Wete mwishoni mwa mwaka 1990, miezi michache baada ya vita kuanza kaskazini mwa Rwanda. Alikuja na binti yake Zubeda, mtoto wa miaka minne mwenye pumu. Mumewe alikuwa amesikia kwamba hewa ya bahari inafaa kwa kifua, na mjini kwao watu walikuwa wakikamatwa ovyo, akaona heri mkewe na mtoto wakae kisiwani miezi miwili mitatu mpaka mambo yatulie.

Walitukuta katikati ya msimu wa karafuu. Nyumba yetu ina vyumba vitatu, na kile cha wageni kilikuwa kimejaa magunia. Mke wangu Maryam akatandika jamvi baina ya magunia, wakalala hapo. Usiku wa pili mtoto akaanza kubanwa, kifua kikilia kama filimbi. Hadija akaniuliza kwa adabu kama magunia yanaweza kuhamia barazani. Nikamwambia mvua itayaharibu. Mvua yenyewe haikuwapo.

Siku ya tatu Maryam akamwekea mbele rundo la karafuu achambue vikonyo. Akachambua kuanzia asubuhi hadi alasiri, na kesho yake, na keshokutwa. Jioni moja jirani yangu akanitania kwamba nimepata mfanyakazi kutoka bara. Nikacheka, nikasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumempa karafuu." Nilipogeuka nilimwona Hadija amesimama mlangoni na ungo mkononi.

Siku ya nane akasema mumewe amemwita arudi. Hapakuwa na simu wala barua. Mimi ndiye niliyekuwa nikipita posta kila siku, nilijua. Nikamwambia, "Haya, safari njema." Hata bandarini Mkoani sikumsindikiza. Aliondoka na mtoto mgongoni na sanduku kichwani, na sisi tukarudi kwenye karafuu zetu.

Huyo ndiye dada niliyekuwa nikienda kulala kwake.

Asubuhi ya kuondoka Wete, Maryam alinifungia halua, pweza mkavu na kanga doti mbili. Alipomaliza alikaa juu ya begi.

"Utamtazama vipi?" akaniuliza.

"Labda amesahau."

"Mwanamke hasahau pahala mtoto wake alipokosa pumzi," akasema, akainuka akaenda jikoni.

Kutoka Mkoani nilipanda meli hadi Unguja, na kutoka Unguja nikavuka kwenda Dar es Salaam. Huko nikapanda treni ya bara. Siku ya pili ya treni nilianza kufanya hesabu nisiyoipenda. Dodoma, Tabora, Isaka: njia hii yote Hadija aliipita mara mbili na mtoto wa pumu, akalala kwenye mabenchi haya haya, akanunua maji kwa watoto hawa hawa wanaokimbia chini ya madirisha. Siku nne au tano kuja, siku nne au tano kurudi. Alitumia njiani siku nyingi kuliko alizokaa kwangu.

Isaka nilishuka nikapanda basi la kwenda Kahama na Ngara. Mavumbi mekundu yalituingia hadi kwenye meno. Mpakani Rusumo nilivuka daraja kwa miguu, maji ya mto Akagera yakinguruma chini yake, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Upande wa pili nilipata gari dogo la abiria la kwenda Kigali, nikakaa karibu na mama mmoja wa makamo aliyekuwa na kikapu cha ndizi. Alijua Kiswahili kidogo. "Weye unatoka wapi?" akauliza. Nilipomwambia kisiwani, alicheka, akataka kujua kama maji yanatuzunguka pande zote na kama tunalala usingizi.

Kabla ya kuingia mjini askari walitusimamisha. Tulishuka wote, vitambulisho mkononi. Cha kwao kimeandikwa kabila la mtu. Karatasi yangu waliitazama wakanirudishia. Cha yule mama kilikaa mikononi mwao muda mrefu, wakamuuliza maswali kwa Kinyarwanda, naye akijibu huku anatazama viatu vyake. Aliporudishwa garini hakuniuliza tena habari za kisiwa.

Biryogo nilifika mchana. Ni mtaa wa Waislamu, nyumba zimebanana, vichochoro vyembamba, na karibu kila kibaraza kina cherehani. Nilikuwa na jina tu la shemeji yangu, mume wa Hadija, Yusufu fundi cherehani. Nilimuuliza mshonaji wa kwanza niliyemkuta.

"Wewe iko nani yake?"

"Shemeji yake. Natoka Pemba."

Yule mtu akaacha kushona. Akasimama. Akawaita wenzake, "Ni yeye! Mwalimu wa Pemba!" Wakanishika mikono, mmoja akalichukua begi langu, mwingine akasema, "Kalibu sana, mzee. Wewe ilipokea mtoto wetu kama malikia." Nilidhani wamenifananisha. Wakanipeleka mpaka mlangoni kwa Yusufu, kundi zima, kama wanaopeleka bwana harusi.

Hadija alikuwa ukumbini akipepeta mchele. Aliinuka, akajifuta mikono, akaja akanikumbatia.

"Karibu, mdogo wangu. Umechoka."

Nilifungua kinywa, nikasema tu, "Shikamoo, dada."

"Marahaba," akajibu, na jicho lake likanipita.

Jioni hiyo nilielewa. Yusufu, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliwakusanya majirani tule pamoja: wali, isombe, ambayo ndiyo kisamvu chetu, na nyama. Baada ya kula akawasimulia mambo yangu. Kwamba Hadija alipofika Wete niliyatoa magunia yote ya karafuu kwa mikono yangu nikayaweka nje, mtoto apate hewa. Kwamba kila alfajiri nilimbeba Zubeda mgongoni nikampeleka ufukweni. Kwamba Maryam hakumruhusu Hadija kushika hata kijiko. Kwamba alirudi mapema kwa sababu tu moyo wake ulikuwa kwa mumewe, nasi tulilia kumwachia aende.

"Ndugu wa kweli anajulikana wakati wa vita," Yusufu akamaliza, na wazee wakaitikia.

Nilimtafuta Hadija kwa macho. Alikuwa akigawa chai, kikombe kimoja kimoja, wala hakuinua uso. Nilipewa chumba chao na kitanda chao. Wao wenyewe na Zubeda walitandika ukumbini. Nilikataa, Yusufu akasema, "Nta kibazo, shemeji. Hakuna shida. Ni wewe ulituonyesha."

Mama mkubwa Mwajuma alikuwa chumba cha uani, amekonda, mikono yake imekuwa ya mama yangu kabisa. Alinishika kidevu akaniuliza habari za Konde, nani amekufa, nani amejenga, kama kisima cha msikitini kina maji bado. Halafu akasema, "Mungu akulipe kwa yale uliyomtendea mwanangu." Aliyasema hayo kila asubuhi nilipomwamkia. Zilikuwa asubuhi kumi na moja.

Siku zilizofuata zilikuwa za kutembezwa. Kila nyumba iliyosikia nimekuja ilitaka nionekane. Nilikunywa chai na mandazi mpaka tumbo likajaa, na kila mahali hadithi ilinitangulia, tena ilikuwa imeongezwa. Kwa mama mmoja nilikuwa nimemwitia mtoto daktari. Zubeda mwenyewe, sasa wa miaka sita, alikuwa akinitazama kwa mbali. Siku moja nilimuuliza kama anaikumbuka Pemba. Akafikiri.

"Nakumbuka harufu," akasema, akakimbilia nje.

Siku ya tisa Yusufu aliniita kibandani kwake anipime. Alikuwa akinishonea koti kwa siri, la kitambaa kizuri cha kijivu, kwa sababu jioni za Kigali zina baridi na mimi nilikuja na mashati ya mikono mifupi. Alinivalisha likiwa na pini, akanyoosha mabega, akarudi nyuma kulitazama. "Hii ni asante yangu," akasema. "Niliweka muda mrefu moyoni."

Hapo nikashindwa. Nikalivua koti, nikamwambia yote: magunia, jamvi, kifua cha mtoto, rundo la karafuu, maneno niliyomwambia jirani, bandari ambako sikufika. Nilizungumza haraka kama mtu anayetapika, na nilipomaliza nilijisikia mwepesi, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri.

Yusufu alikaa kwenye kiti chake cha cherehani. Alitoa pini moja baada ya nyingine kwenye lile koti, akazichoma kwenye kitambaa cha pini.

"Hadija hakutaka kwenda," akasema hatimaye. "Alisema, 'Mimi nitakaa na wewe hapa hapa.' Ni mimi ilimlazimisha. Nilimwambia, pale iko watu yako." Akatazama njia. "Sasa kila siku nitakuwa naona ile chumba."

Wateja wakaja. Nikaondoka.

Jioni Hadija alinikuta uani kwenye pipa la maji. Hakupaza sauti, maana mama yake alikuwa nyuma ya ukuta.

"Khamis, nani alikutuma?"

"Nilishindwa kuvumilia sifa zisizo zangu, dada."

"Sikukusifu kwa ajili yako. Unadhani nilikuwa nakuficha wewe?" Aliweka ndoo chini. "Mume wangu alinipeleka kwenu kwa pesa zote tulizokuwa nazo, na kwa heshima ya mama yangu, ambaye miaka arobaini amewaambia watu wa mtaa huu kwamba kwao ni watu. Ningerudi niseme nini? Kwamba kwao hatutakiwi? Nilijenga kitu hapa watu wakakaa ndani yake. Mama yangu anafia humo. Wewe umekuja siku tisa, umebomoa, kisha unaniambia umeshindwa kuvumilia."

"Nisamehe."

"La karafuu nilikusamehe nikiwa bado melini. Hili la leo sijui." Akachukua ndoo. "Umetaka kupumua wewe. Haya, pumua."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Ya kwanza nilikuwa nimeizoea karibu miaka miwili. Ilikuwa imekaa kama jiwe kwenye kiatu. Hii ilikuwa mpya, na nilijiletea nikijiona mwema.

Siku ya kumi na mbili niliaga. Mama mkubwa alinisomea dua. Yusufu alinipa mkono bila maneno mengi, na koti likiwa limekunjwa ndani ya karatasi, alikuwa amelimaliza. Nilijaribu kulikataa. "Kitambaa kimekatwa kwa mwili wako," akasema. "Mwingine haiwezi kumkaa." Hadija alinisindikiza hadi kwenye magari. Alinunua mwenyewe machungwa ya njiani akayafunga kwenye begi langu. Gari lilipowashwa akainama dirishani.

"Mama mdogo anajua nini kuhusu safari yangu ile?"

"Anajua mlikaa vizuri."

"Basi aendelee kujua hivyo. Hilo nakuomba. Usimtafute mtu mwingine wa kumtwisha."

Nikamwahidi.

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, Rusumo, Isaka, Tabora, bahari. Konde nilimpa mama salamu zote na kumweleza jinsi walivyonipokea. Alilia kwa furaha. "Si nilikwambia?" akasema. "Wema hauozi." Nyumbani Wete nilimweleza Maryam ukweli wote, kwa kuwa mzigo ule ulikuwa wake pia. Tukayahamishia magunia kwenye banda la nyuma, tukapaka chumba chokaa na kununua kitanda. Tukawaandikia waje. Mama mkubwa alifariki kabla ya barua kufika. Hadija alijibu kwa ufupi: watakuja Zubeda akimaliza mwaka wa shule, Inshallah. Mwaka huo ukaisha, hawakuja.

Naandika haya mwisho wa mwaka 1994. Tangu Aprili, mauaji yalipoanza Rwanda, hatujapata neno kutoka Biryogo. Nimeandika barua sita. Nimemtuma mtu aliyekuwa akielekea Ngara aulizie kwenye makambi ya wakimbizi, akarudi na majina ya watu wengine.

Nilikuwa nikidhani msafiri mwenye kosa anakwenda kulikiri na kurudi mwepesi. Nimejifunza kwamba kuna makosa ambayo mtu hukaa nayo mwenyewe, kinywa kimefungwa, ili aliyekosewa abaki na kitu chake.

Mwezi uliopita wazee wa Konde walikuja kwa mama kumpa pole, ingawa hatujui kama ni msiba. Mmoja wao, mtu mwema, alinishika bega mbele ya watu wote.

"Angalau wewe huna cha kujuta, Mwalimu," akasema. "Alipokuja kwako, ulimpokea."

Mama alikuwa akinitazama. Nikasema, "Ndiyo. Tulimpokea."