Mkunga Aliyeitwa Mara Tatu Asisikie

Saa mbili asubuhi, mkunga anapiga magoti kando ya kitanda cha kituo cha afya, anasimamisha kipimo cha mbao chenye umbo la tarumbeta juu ya tumbo la mjamzito, kisha analilaza juu yake sikio lake la kushoto. Anafumba macho. Feni imezimwa, dirisha limefungwa, na wajawazito kumi na wanane walioko kwenye mabenchi ya nje wameombwa wanyamaze.

Dakika inapita. Ya pili nayo inapita.

"Njoo unisikilizie," anamwambia muuguzi kijana anayefanya naye kazi.

Muuguzi anainama, anahesabu kimoyomoyo huku akitazama saa, kisha anageuka ili mkunga aone midomo yake. "Mia moja arobaini, mama. Anapiga vizuri tu."

Mkunga anaandika namba hiyo kwenye kadi na kumpa mjamzito mkono anyanyuke. Anatabasamu mpaka mlango unapofungwa.

"Miaka ishirini na sita nimefanya kazi hii kwa masikio," ananiambia. "Macho ni ya kusomea kadi tu."

Wanawake wa mtaa humwita Bi Mapigo. Wapo aliowasikia wakiwa tumboni mwa mama zao, na leo wanakuja kwake na matumbo yao wenyewe.

Balaa lilianza miaka mitatu iliyopita, kwa mafua. Sikio la kulia lilitoa usaha, akalitia dawa ya matone, likakauka, likarudia. Kila wiki alijiambia atakwenda wiki ijayo. Mganga hajigangi, anasema, na sisi wauguzi ndio wagonjwa wakaidi kuliko wote. Kufikia mwaka wa pili, sikio hilo lilikuwa limebaki la kuvalia hereni tu. La kushoto nalo likaanza kuvuma.

Ni mtumishi wa serikali. Kadi ya bima ya afya anayo, na makato yake hayajawahi kuruka hata mwezi mmoja. Akaenda hospitali ya rufaa akiwa na barua mkononi. Chumba cha masikio, pua na koo alikikuta. Kibao kipo, kiti kipo. Daktari alikuwa amehama tangu mwaka uliopita, na hakuna aliyeletwa badala yake.

Alipewa orodha ya madaktari kumi na wanne wanaopokea kadi hiyo. Kwa kuwa simu humlilia sikioni kama maji yanayochemka, binti yake, fundi cherehani, ndiye aliyepiga, mashine ikiwa imesimama na wateja wakinung'unika.

Wa kwanza alikuwa amestaafu. Wa pili alikuwa marehemu. Watatu walisema waliacha kupokea kadi hiyo zamani. Mmoja alikuwa daktari wa meno. Namba nyingine ilipokewa na mfanyabiashara.

"Mimi nauza mabati, dada yangu," alisema. "Ila wewe ni wa tano wiki hii. Poleni sana."

Wa kumi na moja akakubali, kwa miadi ya baada ya miezi minne.

Siku ilipofika, mama na binti walisafiri kwa saa tano hadi kliniki hiyo. Walikuta ukumbi umejaa. Mhudumu wa mapokezi akataka nakala ya kadi, binti akatoka kutafuta mahali pa kuitoa. Mkunga akabaki kwenye kiti, akiutazama mlango wa daktari ukifunguka na kufungwa. Binti aliporudi, zamu ya mama yake ilikuwa imeshapita.

"Mama, tumekuita mara tatu," mhudumu alimwambia.

"Mliniita kwa mdomo?"

"Ndivyo tunavyoita watu wote."

"Hapa si kwa daktari wa masikio, mwanangu?"

Mhudumu akampangia tarehe nyingine, wiki sita mbele. Waliporudi, karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye kioo: kadi za bima ya serikali hazipokelewi mpaka itakapotangazwa tena.

"Binti yangu alilia. Mimi sikulia," anasema. "Nililia baadaye, kwa jambo jingine."

Jambo hilo lilitokea hapa hapa, kwenye kitanda hiki. Alimpima mama mwenye mimba ya kwanza, akasikiliza, hakusikia kitu. Akasogeza kipimo, bado kimya. Uso wake ukamsaliti. Mjamzito akaanza kupiga mayowe kwamba mwanawe amekufa. Muuguzi kijana akaja mbio, akasikiliza, akacheka kwa nafuu: mtoto mzima kabisa.

"Nilimuua mtoto wa mtu kwa dakika tano," anasema mkunga. "Yule mama sasa anapimwa kwingine. Simlaumu."

Wafanyakazi wenzake walimchangia, akaonwa na daktari wa kulipia. Alimwambia ugonjwa umeshakula mifupa midogo ya sikio la kulia, na kwamba la kushoto linahitaji upasuaji ndani ya miezi mitatu. Gharama yake ni mishahara yake kumi na mmoja.

"Nikacheka. Daktari akadhani sikusikia, akarudia kwa sauti."

Miezi miwili kati ya hiyo mitatu imekwisha. Kwenye orodha yamebaki majina matatu, na simu zao haziiti. Jumatatu iliyopita, bila kusukumwa na mtu, alimwandikia mkuu wa kituo barua ya kuomba aondolewe chumba cha wajawazito, apelekwe kwenye mafaili. Bado hajajibiwa.

Ninamuuliza anatumaini nini. Haoni midomo yangu vizuri, ninarudia. Mwisho ninaandika swali kwenye daftari na kumpa.

Analisoma polepole, kisha anatazama nje, kwenye mabenchi.

"Binti anasema kesho atajaribu tena hizo namba tatu," anasema. "Akimpata daktari, nitakwenda hata kwa miguu. Asipompata, basi huyu kijana nimeshamfundisha kila nilichokijua. Nanyi mkiwa na neno nami, mtaniandikia."

Anafungua mlango na kumwonyesha anayefuata kwa mkono.