Gia Haitafutwi kwa Macho Sekenke

Juzi asubuhi, nikiwa kwenye kituo cha mafuta Misigiri, kijana mmoja alipaki pembeni gari lake la mbio huku injini ikinguruma. Dereva wa lori la alizeti, mzee mwenye mvi, akaomba kuuona usukani. Kijana akamwamkia, akamkalisha.

"Mzee, gia ni hivi vibao viwili nyuma ya usukani. Cha kulia unapandisha, cha kushoto unashusha."

Mzee akakata usukani nusu mzunguko. Vibao vikazunguka nao. Akatikisa kichwa.

"Hivi vingekaa palepale, visizunguke. Kwenye kona za mlima Sekenke gia haitafutwi kwa macho."

"Mkono unazoea tu, mzee."

"Haya, kaa wewe. Usiurudishe usukani. Fumba macho, ushushe gia."

Kijana akakaa, akafumba macho, akavuta kwa kujiamini. Waipa zikaanza kufuta kioo, jua kali, wala tone la mvua hakuna: kibao kilikuwa kimehama na usukani, yeye akavuta kijiti cha waipa.

Mzee hakucheka. Alimpigapiga begani, akarudi kwenye lori lake. Vibao vile alikuwa ameviona kwa dakika mbili tu maishani mwake.

Asubuhi ile nilikuwa nimeshamwamkia. Alipopita mbele yangu, nikampa shikamoo ya pili.