Motokaa ya Silinda Nne

Niliapa kutolisimulia jambo hili, lakini kwa kuwa mji mzima unalisimulia na kila mtu anaongeza lake, bora mlisikie kwangu mimi niliyefedheheka, angalau vipimo viwe sahihi.

Mimi ni karani wa Bwana Kasamali mwenye duka, na kila wiki huenda Kingolwira kwa miguu kupokea maagizo ya wateja. Walowezi wawili wa Kidachi, yaani Wajerumani, walikuwa wanauza motokaa zao, na bwana, aliyetaka moja tu, akaniambia, "Karani, wewe husoma hata karatasi za kufungia sabuni. Nilinganishie."

Nikazilinganisha siku tatu, kwa kamba na daftari. Ndogo: silinda moja, nguvu za farasi nane, viti viwili. Kubwa: silinda nne, nguvu za farasi kumi na nane (farasi mwenyewe hapa hadumu, mbung'o wanammaliza, lakini vitabu vinapima hivyo), viti vinne, taa mbili za shaba. Nikiri pia kwamba katika viti viwili angekaa bwana na dereva wake, nami ningeendelea kutembea. Katika vinne palikuwa na changu. Hamisi, dereva wa ile kubwa, alinisihi nitazame pia mahali tangi la petroli lilipo. Nikamjibu kwamba tangi ni chombo cha kutunzia tu, halihusiani na mwendo, nikafunga daftari.

"Kubwa," nikamwambia bwana. "Mlima wa misheni itaupanda bila kuhema."

Siku ya majaribio bwana alikaa mbele na Hamisi, mimi nyuma peke yangu kama akida wa serikali. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri. Mlima ulipoanza kusimama, ikakohoa, ikazimika. Hamisi akaeleza kwa upole kwamba tangi liko chini ya kiti, petroli hutiririka yenyewe hadi kwenye injini, na pua ya gari ikiwa juu, haifiki.

"Sasa?" akauliza bwana.

"Sasa tunageuza, ipande kinyumenyume."

Ikapanda, makalio yake yakitangulia, nyuso zetu zikielekea bondeni, taratibu kiasi cha kuhesabu mawe, na hapo ndipo nilipomwona mama mkwe wangu akitoka sokoni, kikapu kichwani, anatufuata hatua kumi tu. Mnajua adabu yetu: ukimwona mama mkwe njiani unaingia porini kumpisha. Mimi ningeingia wapi? Kushoto ukuta wa mlima, kulia korongo. Nikajifunika uso kwa daftari. Yeye, mwenye heshima kuliko mimi, akatugeuzia mgongo, naye akaendelea kupanda kinyumenyume.

Tukapanda hivyo, motokaa isimwache, yeye asiifikie, na wanawake wenzake wakicheka mpaka wakatua mizigo.

"Mama Mwanaidi, mpishe mkweo, ana haraka."

"Apite tu," akajibu bila kugeuka. "Nani kamshika?"

Bwana hakucheka. Akageuza shingo. "Karani, andika. Mwendo wa mlimani: sawasawa na mama mkwe mwenye kikapu."

Nikaandika.

Alinunua ile ndogo. Tangi lake liko juu ya injini (nilikwenda kulipima baadaye, kimyakimya). Kingolwira bado naenda kwa miguu, na motokaa hunipita njiani, bwana akinipungia mkono. Siku hizi mtu akiniomba nimchagulie kitu, kwanza najiuliza mimi nitakaa wapi. Nikikuta nina kiti, naikataa kazi.